Kuhama au Kubaki: Mas'ala ya Mfumo Endeshi Huria katika Shule na Afisi Ndogo za Kigali



Mas'ala niliyotakiwa kuyasemea ni kama inafaa shule, maktaba na afisi ndogo za mji wetu wa Kigali zijaribu mfumo endeshi huria katika kompyuta zao, au zibaki na ule ule ziliouzoea tangu mashine ziliponunuliwa. Swali hili halikuzuka kwa kupenda mageni. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft imekoma kuitengenezea Windows 10 masahihisho ya usalama, ila kwa wale waliojiandikisha katika muhula wa nyongeza. Na Windows 11, iliyokuja kushika mahali pake, haikubali rasmi kuingia katika mashine isiyo na kile kifaa cha kutunza siri kiitwacho TPM 2.0, wala isiyo na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, aghalabu ni ya kizazi cha 8 au baada yake. Kwa hiyo kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2017 kwisha, ambazo skrini zake ni safi, kibodi zake hazina ila, na ambazo zingeweza kuandikia barua na kufundishia hesabu kwa miaka mingine mingi, zimehukumiwa uzee na masharti ya muuzaji, ilhali fundi akizifungua haoni kilichokufa ndani yake.

Mashine hizo zitakwenda wapi? Nyingine zitafika Bugesera, kwenye kile kiwanda cha taka za umeme ambako zenye nafuu hutengenezwa na zilizokwisha huvunjwavunjwa. Nyingine, naziogopa zaidi hizo, zitabaki mezani zikiendelea kutumiwa bila kinga, au zitatiwa nakala iliyokrakiwa, kama vijana wasemavyo, ambayo mwenye kuiuza mjini hana dhamana nayo na mwenye kuinunua hajui imebeba nini. Kati ya njia hizo na kununua mashine mpya, ipo njia ya mfumo huria wa Linux, wenye aina nyingi: Debian iliyoanza mwaka 1993, Ubuntu iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint, ambayo toleo lake jepesi liitwalo Xfce huenda vizuri katika mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Leseni za mifumo hii zinamruhusu mtu kunakili, kumpa jirani, na hata kubadili, wala hakuna atakayekuja kumdai.

Lakini sikuja hapa kuhubiri, maana sisi wa Rwanda hatuanzi leo. Mnamo mwaka 2008 serikali iliingia kwa nguvu katika mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, ulioasisiwa na Nicholas Negroponte wa Marekani, na katika miaka iliyofuata zikagawiwa katika shule za msingi kompyuta ndogo za XO, zile nyeupe na kijani, zaidi ya laki mbili, hata nchi yetu ikatajwa kuwa ya kwanza barani Afrika kwa wingi wa kompyuta hizo. Ndani ya kila mojawapo mlikuwamo Fedora, ambayo ni aina ya Linux, na juu ya Fedora palivikwa sura iitwayo Sugar, isiyo na madirisha wala makabrasha tuyajuayo, bali duara la alama za shughuli mbalimbali, pamoja na daftari lililohifadhi lenyewe kila alichokifanya mtoto. Kwa mtoto asiyepata kuona kompyuta maishani mwake, ilikuwa fikra ya maarifa makubwa. Kisha mwaka 2014 serikali ikapatana na kampuni ya Positivo BGH ya Amerika Kusini ili kompyuta ziunganishwe papa hapa nchini, mashine hizo zikaja na Windows, na taratibu zile XO zikapotea madarasani.

Wako wasemao kwamba hapo ndipo Linux iliposhindwa Rwanda. Rai yangu ni kwamba hukumu hiyo haina insafu. Shule nyingi za vijijini hazikuwa na umeme wa kuchajia mashine kumi, sembuse mia mbili. Mafunzo ya walimu yalikuwa ya siku chache. Vipuri havikupatikana madukani. Na zaidi ya yote, mwanafunzi alijifunza sura ambayo hakuikuta tena popote, si katika sekondari, si katika afisi, si katika duka la intaneti, hata elimu yake ya miaka ile ikawa kama haikuwa. Fedora haikuhusika na mengi ya hayo. Na ajabu ni kwamba kabla ya XO kuja na hata zilipokwisha kuondoka, programu huria zilikuwa zinaingia kwa mlango mwingine pasipo kelele: hospitali ya Rwinkwavu ilianza mwaka 2006, pamoja na shirika la Partners In Health, kutumia OpenMRS, programu huria ya kuhifadhi taarifa za wagonjwa, ambayo ilienea kwingi nchini, na simu za Mara zilizozinduliwa hapa Kigali Oktoba 2019 zilikuwa za Android, ambayo kiini chake ni Linux hiyo hiyo. Mwalimu aliyeapa kwamba hatoigusa tena Linux anayo mfukoni, na analipia umeme kwayo.

Tofauti ya visa hivyo ndiyo inayonifanya nisimame mbele yenu. OpenMRS ilikuwa na kazi yake maalumu na mafundi wake waliofunzwa kuitunza, ilhali XO iliachiwa mwalimu peke yake. Basi anayetaka kuamua asianze kwa kuuliza mfumo upi ni bora. Aulize, siku printa itakapokataa asubuhi ya mtihani, nani atakayeitwa, na anakaa umbali gani.

Wenzetu wa Ulaya wameyapitia haya kwa gharama kubwa kuliko tutakayoimudu sisi. Mji wa Munich nchini Ujerumani uliazimia mwaka 2003 kuhamia Linux, ukahamisha takriban kompyuta elfu kumi na tano, ukatangaza mwaka 2013 kwamba kazi imekwisha, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi Windows; siasa ilikuwamo, na manung'uniko ya watumishi yalikuwamo. Askari wa Gendarmerie ya Ufaransa, kwa upande wao, wangali nayo hadi leo, makumi ya maelfu ya mashine. Siri yao, kwa nionavyo, ilikuwa ni utaratibu. Mwaka 2005 walianza kwa kuondoa programu ya kuandikia na kuweka OpenOffice, Windows ikiwa ingali pale pale. Baadaye wakaweka Firefox ya kuvinjari na Thunderbird ya barua. Na walipofika kubadili mfumo wenyewe, mwaka 2008, askari akakuta mbele yake programu zile zile alizokwisha kuzizoea, akawa hana kubwa la kulalamikia. Sisi tuliozoea kuanza na sherehe ya uzinduzi na kumalizia na mafunzo tunayo ya kujifunza hapo.

Yapo ya kwetu ambayo Mfaransa hakuyakabili. La kwanza ni kibodi. Tuna mashine za zamani zenye mpangilio wa Kifaransa na mpya zenye mpangilio wa Kiingereza, mara nyingine katika chumba kimoja, na hapa mfumo huria una ukarimu, kwani mipangilio yote miwili huwekwa pamoja na kubadilishwa kwa kubofya mara moja. La pili ni lugha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa mwaka 2004, katika mradi wa KiLinux, OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo, na lilikuwa jambo la fahari. Lakini programu hutoa matoleo mapya kila mwaka, na tafsiri isiyofuatwa huchakaa upesi. Asije mtu akawaahidi wanafunzi kwamba watakuta kila kitu kwa Kiswahili au Kinyarwanda. La tatu ni biashara. Mwenye duka la mjini anayetoa risiti za kodi za EBM, au mhasibu mwenye programu yake maalumu, asibadili kitu mpaka amehakikisha kwa macho yake kwamba programu hiyo inakubali. Na isipokubali, abaki alipo pasipo kuona haya.

Rai yangu, basi, mintarafu ya mji huu, ni kwamba maktaba, vyumba vya kompyuta vya shule, na afisi ambazo kazi yake ni barua, majedwali na intaneti, zijaribu. Na wenye programu zilizofungamana na Windows wangoje. Kujaribu kwenyewe hakuhitaji ujasiri mkubwa: mfumo hutiwa katika flashi ya gigabaiti 8, mashine ikawashwa kutoka humo, na mtu akaona kama sauti, intaneti na printa vinaitika, huku Windows yake ikikaa ndani salama bila kuguswa. Baada ya hapo LibreOffice na Firefox ziwekwe katika Windows iliyopo kwa muhula mzima, watu wazizoee, na nakala za mafaili zihifadhiwe kando. Kisha likizo ndefu ya Julai na Agosti, wanafunzi wakiwa nyumbani, ibadilishwe mashine moja, si chumba kizima, na wafundishwe watu wawili wa shule hiyo hiyo, maana mmoja akihamishwa asiondoke na elimu yote.

Nawaomba wakuu wa shule mliopo mteue watu hao wawili kabla ya kuteua mfumo, na watakaojaribu waandike daftarini kila kilichokataa na kila kilichokubali, kwa aina ya mashine na aina ya printa, walilete daftari hilo katika kikao kijacho ili mafundi waliomo humu walifanyie kazi.