Kufufua Pikapu Kuukuu kwa Mfuko Mwembamba

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Igowole)



Nimeombwa niseme juu ya pikapu ile iliyoegeshwa chini ya mikaratusi. Asubuhi wengine mmedhani ni mpya. Si mpya. Ni Toyota Hilux kuukuu, nayo imenifunza kwa gharama jambo ambalo ningependa mlipate bure: gari la zamani hutengenezwa kuanzia chini, rangi ikaja mwisho.

Niliinunua Mafinga kwa mkopo wa mshahara, nipate kubeba viazi na miche ya miti. Fedha zilizobaki nikazimaliza kwa rangi, rimu na redio. Wiki ya tatu mama aliugua usiku, nikampakia kumpeleka hospitali. Tulipokuwa tukipanda kilima injini ikachemka, mvuke ukajaa, gari likazima. Mama alimaliza safari katika lori la mbao. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini alinipa neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, umelivisha gari shati jipya, na ndani lina homa."

Fundi alipofungua alikuta thamostati iling'olewa zamani. Wengi husema kuiondoa huipoza injini. Si kweli. Kwenye injini yenye njia ya mchepuko, kama yangu, thamostati inapofunguka huziba mchepuko huo. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Tena katika baridi yetu ya Mufindi injini huchelewa kupata joto, ikala mafuta mengi na kulika upesi. Kwa kukosa kifaa cha bei ndogo, nililipia silinda hedi iliyopasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi nikafungua daftari, nikafuata mpango huu, mshahara hadi mshahara.

Kwanza, chesisi na breki. Matope ya mvua zetu hukaa ndani ya chesisi na kuila kimya kimya. Igongwe kwa nyundo ndogo, na palipoliwa na kutu pachomelewe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo yabadilishwe yote, pamoja na mipira iliyochakaa.

Pili, usukani na matairi.

Tatu, rejeta, hozi, mkanda wa feni na thamostati. Kama hujui taimingi belti ilibadilishwa lini, ibadilishe. Ikikatika, yaweza kuharibu valvu na pistoni.

Nne, ndipo nguvu. Injini yangu ilikuwa 2L, ya sentimita za ujazo 2,446. Niliweka 3L iliyotumika, ya 2,779, kwa kuwa ni za ukoo mmoja na haikuhitaji marekebisho makubwa. Namba ya injini ikibadilika, taarifa ipelekwe TRA na kadi ya gari irekebishwe. Risiti na kadi nazo ni spea.

Wenzetu wa mbao na viazi hupenda kuongeza majani ya springi. Jani la springi huinua gari. Haliongezi breki, wala halikupi ruhusa ya kubeba zaidi.

Wadogo zangu, msimdharau fundi. Jumamosi nne nilisimama pembeni yake nikimshikia taa, na shahada yangu ya chuo kikuu ikiwa kabatini. Somo la joto nililokariri katika darasa la fizikia hapa, siku zile ndipo nilipolielewa. Na ninyi mtakaopata mshahara wa kwanza karibuni, mkikopa, kopeni kwa ajili ya breki kabla ya redio.

Mama hupanda gari hilo mpaka leo. Rangi imeanza kufifia, na sijaipiga upya.