INAWAKA LAKINI HAIONYESHI: SARUFI YA KISWAHILI KATIKA UTAMBUZI WA HITILAFU ZA KOMPYUTA



1.0 Utangulizi

Nawashukuru walioandaa mhadhara huu kwa heshima waliyonipa. Mada niliyoichagua huenda ikawashangaza wale waliotarajia kusikia habari za ushairi au za lahaja. Nitazungumzia kompyuta mpya iliyoundwa kwa kuunganisha vipuri, ambayo mwenyewe anapobonyeza kitufe, taa zinawaka na feni zinazunguka, lakini kiwambo kinabaki cheusi. Mafundi wetu wanaieleza hali hiyo kwa maneno matatu: inawaka lakini haionyeshi.

Tumezoea kuupima uwezo wa Kiswahili katika sayansi kwa kuhesabu nomino. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ambamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hizo ni kazi za kuenziwa. Hata hivyo, maneno yaliyotafsiriwa katika programu yanaishi ndani ya kiwambo. Kiwambo kikiwa cheusi, hakuna menyu wala ujumbe wa kusomwa. Mtu anabaki na lugha yake tu: lugha ya kuuliza, ya kushuku, ya kupambanua na ya kukata shauri.

Hoja yangu ni kwamba nyenzo za kufanyia kazi hiyo zimo tayari katika sarufi ya Kiswahili, hususan katika kitenzi. Upungufu uliopo ni wa maandishi yetu, nao una madhara yanayoonekana mezani pa fundi. Nitaanza na kitenzi, kisha niende kwenye ngeli, ambako ndiko kwenye tatizo lenyewe.

2.0 Haiwaki, haionyeshi, haionekani

Hatua ya kwanza ya kutambua hitilafu ni kulitaja tatizo. Tutazame sentensi hizi:

(1) a. Kompyuta haiwaki.
b. Kompyuta haionyeshi.
c. Picha haionekani.

Mteja asiye na uzoefu hutumia (1a) kwa hali zote tatu. Fundi hawezi. Sentensi (1a) inampeleka kwenye umeme: swichi iliyo nyuma ya kisanduku cha umeme, ambacho mafundi wanakiita pawa saplai, waya wa ukutani, na vijiwaya vya kitufe cha kuwashia. Kompyuta ambayo feni zake zinazunguka imekwishavuka hapo.

Tofauti kati ya (1b) na (1c) ni ya mnyambuliko. Kitenzi onyesha ni cha usababishi. Kinamtaja anayesababisha kitu kionwe, na kikikanushwa, lawama inamwangukia msababishi huyo, yaani kompyuta. Kitenzi onekana hakimtaji mtenda yeyote. Kinaacha nafasi ya kudhani kwamba picha inatolewa, ila haifiki machoni petu. Kwa mintarafu hiyo, sentensi (1c) ndiyo inayopaswa kuchunguzwa kwanza, kwa kuwa sababu zake ni nyepesi na hazihitaji kufungua kasha. Je, kiwambo chenyewe kimewashwa? Je, kimechaguliwa kipokee picha kutoka kwenye tundu ambalo waya umechomekwa? Je, waya umechomekwa kwenye kadi ya picha, au kwenye tundu la ubao mama?

Swali la mwisho lina uzito wa pekee. Vichakataji vingine havina sehemu ya kutengeneza picha. Vile vya Intel ambavyo jina lake linaishia na herufi F ni mfano mmojawapo. Katika kompyuta yenye kichakataji cha namna hiyo, tundu la picha la ubao mama halitatoa kitu hata vipuri vyote viwe vizima. Kompyuta hiyo inaonyesha, ila mahali ambapo hakuna aliyechomeka waya.

3.0 Haionyeshi na haijaonyesha

Kiswahili kinatofautisha ukanushi wa hali na ukanushi wa tukio linalotarajiwa. Haionyeshi ni hukumu. Haijaonyesha ni taarifa iliyobeba matarajio, kwani kiambishi -ja- kinadokeza kwamba tukio bado, na huenda likatokea. Tofauti hii tunaifundisha darasani kwa mifano ya mgeni na treni. Katika kompyuta mpya ni tofauti inayoweza kuokoa kifaa.

Ubao mama unaotumia kumbukumbu za aina ya DDR5, unapowashwa kwa mara ya kwanza, huanza kwa kuzipima kumbukumbu hizo na kutafuta namna ya kuwasiliana nazo bila makosa. Kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa, na muda wote huo kiwambo ni cheusi. Anayesema haionyeshi ataizima katikati ya kazi, na akiiwasha tena, kazi inaweza kuanza upya. Anayesema haijaonyesha atasubiri.

Aidha, kuna haijawahi kuonyesha na imeacha kuonyesha. Kompyuta iliyoacha kuonyesha ilikuwa nzima jana, kwa hiyo fundi anashuku uchakavu, vumbi, joto, au jambo lililobadilika tangu hapo. Ile ambayo haijawahi kuonyesha inamfanya aishuku kwanza kazi ya mkono wa aliyeiunda: kijiti cha kumbukumbu ambacho hakikukazwa hadi kibanio kikalia, waya uliosahauliwa, skrubu iliyogusa pasipotakiwa, au ubao mama ambao programu yake ya ndani ni ya zamani kuliko kichakataji. Swali moja la njeo linaigawa kazi nzima mara mbili.

4.0 Masharti na uondoaji wa dhana

Kiini cha kutambua hitilafu ni kuondoa dhana moja baada ya nyingine. Kiswahili kinaifanya kazi hii kwa viambishi vya masharti:

(2) a. Pawa saplai ingekuwa imekufa kabisa, feni zisingezunguka.
b. Feni zinazunguka.
c. Kwa hiyo, pawa saplai haijafa kabisa.

Huu ni mwenendo timilifu wa mantiki, na haukuhitaji istilahi mpya hata moja. Lakini ulinde neno kabisa. Mwanafunzi akiliacha katika (2c), atahitimisha kwamba umeme hauna tatizo, na atakuwa amepotoka. Ubao mama hupokea umeme kwa njia zaidi ya moja. Ipo plagi kubwa ya pini 24, na ipo nyingine ndogo ya pini nne au nane, karibu na kichakataji, inayokilisha kichakataji chenyewe. Hiyo ndogo ikisahauliwa, feni zinaweza kuzunguka vizuri huku kichakataji hakifanyi lolote. Ni kosa la kawaida katika kompyuta mpya, na kielezi kimoja kinatosha kulificha.

Kompyuta nayo hutusaidia kuondoa dhana, kwa sababu hujikagua kila inapowashwa. Desturi hiyo ilikuwamo katika kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981, ambayo iliyatangaza matokeo ya ukaguzi kwa mlio. Leo bao mama nyingi zina vitaa vinne, kimoja cha kichakataji, kimoja cha kumbukumbu, kimoja cha kadi ya picha, na kimoja cha diski inayobeba mfumo. Kitaa kinachobaki kinawaka kinaonyesha hatua ambayo ukaguzi umekwamia. Kitenzi jikagua, kwa kirejeshi chake -ji-, kinalieleza jambo hili kwa neno moja, tena kwa namna ambayo mtoto wa darasa la nne anaielewa.

5.0 Hatari ya -ka-

Si kila kilichomo katika sarufi yetu kinamsaidia fundi bila yeye kuwa mwangalifu. Tutazame masimulizi haya, ambayo mfano wake husikika katika karakana yoyote:

(3) Nikachomoa ramu, nikabadilisha waya, nikawasha, ikaonyesha.

Kiambishi -ka- kinapanga matukio kwa mfuatano. Hakisemi kwamba lililotangulia ndilo lililosababisha lililofuata, ingawa msikilizaji hushawishika kuelewa hivyo. Je, ilionyesha kwa sababu ya ramu au kwa sababu ya waya? Sentensi haijui, wala fundi hajui. Kesho kompyuta nyingine itakapoletwa, hatakuwa na elimu ya kuitumia. Atakuwa na hadithi.

Dawa yake ni utaratibu wa mkono unaofuata nidhamu ya sentensi: badiliko moja, kisha kuwasha, badiliko jingine, kisha kuwasha tena. Kabla ya kugusa chochote, kompyuta izimwe na waya wa umeme uchomolewe. Halafu kila kisichohitajika kiondolewe, kibaki kichakataji na feni yake, kijiti kimoja cha kumbukumbu katika nafasi iliyotajwa na kijitabu cha ubao mama, na njia moja ya kutolea picha. Ikionyesha, vipuri virudishwe kimoja kimoja. Isipoonyesha, washukiwa wamebaki wachache. Jozi ya vitenzi chomoa na chomeka inabeba utaratibu huu wote, na kila kinachochomolewa kina njia ya kurudi.

6.0 Ngeli na mkono wa fundi

Sasa nafika kwenye tatizo lenyewe. Maneno ya kompyuta tuliyoyakopa karibu yote yameingia katika ngeli ya I-ZI: kompyuta, skrini, kadi, ramu, prosesa, mazabodi, feni, diski, programu. Matokeo yake ni haya:

(4) a. Kadi ikiwa haijaingia vizuri kwenye mazabodi, skrini haitaonyesha. Ichomoe, kisha uirudishe.
b. Kadi ikiwa haijaingia vizuri katika ubao mama, kiwambo hakitaonyesha. Ichomoe, kisha uirudishe.

Katika (4a), ichomoe ni nini? Upatanisho unaruhusu kadi, mazabodi na skrini. Aliyezoea kazi atajua kwamba ni kadi, lakini aliyezoea hakuhitaji maelezo. Anayejifunza ndiye anayeyasoma, na anayejifunza anaweza kuung'oa ubao mzima. Kichakataji kikiondolewa bila sababu, pini za soketi, ambazo katika bao nyingi ni nyembamba mno, zinaweza kupinda, na hitilafu ndogo ikageuka hasara kubwa. Katika (4b) utata huo haupo. Ubao ungedai uuchomoe, na kiwambo kingedai ukichomoe. Kinachobaki ni kadi peke yake.

Hapa pana kigezo cha kuundia istilahi ambacho mijadala yetu imekitumia kwa uchache. Tumebishana kwa miaka mingi kuhusu kompyuta na tarakilishi, na mabishano hayo yameegemea uzalendo upande mmoja na mazoea upande wa pili. Kwa kigezo cha upatanisho, maneno hayo mawili hayana tofauti, kwa kuwa yote ni ya I-ZI. Ubao mama, kiwambo, kichakataji na kijiti cha ramu yanatufaa kwa sababu yanaitawanya mizigo katika ngeli mbalimbali, na kila kirejeshi kinajua kwake.

Sidai kwamba tiba hii ni kamili. Kiwambo, kichakataji na kijiti ni nomino za ngeli moja ya KI-VI, na zikikutana katika sentensi moja utata unarudi. Hapo mwandishi airudie nomino bila kuona haya. Wala sisemi kwamba fundi aache kusema mazabodi. Fundi anaongea huku kidole chake kimekigusa kipuri, na kidole hakina utata. Maandishi hayana kidole. Ngeli ndiyo kidole cha maandishi.

7.0 Hitimisho

Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tukashangilia, tena kwa haki. Lakini vijitabu vinavyokuja na vipuri vya kompyuta kwa kawaida havina Kiswahili, na nchini Tanzania mwanafunzi wa shule ya umma aliyesoma msingi kwa Kiswahili anaingia sekondari na kuambiwa kwamba kuanzia hapo sayansi inazungumza Kiingereza. Vijana wengi wanaotengeneza kompyuta mijini wamejifunza kwa kutazama mikono ya waliowatangulia. Elimu waliyo nayo ni kubwa, na haijaandikwa. Nasema haijaandikwa, sisemi haiandikiki.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili kwa wanafunzi wa isimu waliomo humu. La kwanza, mwende karakana na vinasa sauti, mkakusanye vitenzi vya mafundi kwa bidii ileile tuliyoitumia kukusanya methali. Namna wanavyouliza, wanavyoshuku na wanavyoondoa dhana ni data ya isimu ya daraja la kwanza. La pili, muandike miongozo. Mwongozo mmoja wa kurasa kumi juu ya kompyuta inayowaka lakini haionyeshi, uliopimwa kwa kumpa asiyejua na kumtazama anachomoa nini, utatufundisha mengi kuhusu upatanisho wa ngeli ambayo makala zetu hazijayagusa. Akichomoa kipuri kisicho chake, tuisahihishe sentensi kabla ya kumlaumu msomaji.