Umaskini wa Kijijini na wa Mjini Haupimwi kwa Swali Moja

Maneno kwa wanakamati wa basari za wadi, Kaunti ya Kilifi



Fomu za basari ni nyingi kuliko pesa zilizopo. Kabla ya kuamua nani asaidiwe, tukubaliane kwamba umaskini wa Ganze haufanani na wa Mtwapa.

Tuangalie takwimu za KNBS. Katika utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2015/16, mtu mzima wa kijijini alihesabiwa maskini ikiwa matumizi yake hayafiki shilingi 3,252 kwa mwezi. Kwa wa mjini, kiwango kilikuwa 5,995. Kwa vipimo hivyo, watu 40 kati ya kila 100 wa vijijini walikuwa maskini. Katikati ya miji walikuwa 29.

Tofauti ya viwango hivyo inatoka wapi? Chakula kilihesabiwa shilingi 1,954 kijijini na 2,551 mjini, yaani tofauti ya 597. Mahitaji mengine, kama vile kodi ya nyumba, nauli, maji na makaa, yalikuwa 1,298 kijijini na 3,444 mjini.

Mama wa Ganze ana kishamba cha mahindi na mbuzi wawili, na nyumba ni yake. Mvua ikikosa, hana mavuno, na bei ya mbuzi inaanguka kwa kuwa kila mtu anauza. Mama wa Mtwapa anashika pesa kila siku kwa kuuza viazi karai, lakini hana hata mchicha wa kuchuma. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba anabisha hodi.

Ukiuliza mapato tu, utamwacha wa Mtwapa. Ukihesabu mifugo tu, utamwacha wa Ganze. Na ukitazama paa la mabati, kumbuka mpangaji hana msumari hata mmoja katika paa hilo.

Kwa hivyo, kila mwombaji aulizwe: Unalipa kodi ya nyumba? Maji unanunua au unachota wapi? Msimu uliopita ulivuna nini? Wangapi wanakutegemea? Majibu yaandikwe kwenye fomu, ili mzazi atakayekosa aelezwe sababu.

Mtoto asirudishwe nyumbani kwa karo kwa sababu sisi hatukuuliza vizuri.