Mwangwi Kwenye Simu za Ofisi: Tuanzie Upande wa Pili

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wenzangu, na ninyi wasimamizi wa ofisi mliosafiri kutoka Mbeya kuja hapa Iringa,

Nimeombwa nizungumzie mwangwi, na lipo jambo moja ambalo ningependa tusilisahau. Anayesikia sauti yake ikimrudia, simu yake kwa kawaida ni nzima. Ubovu uko kwa anayezungumza naye, au mahali fulani njiani. Mtu akipaza sauti mbele ya jabali, jabali ndilo linalomjibu, si koo lake.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kutolizingatia kuliwahi kunigharimu siku mbili. Ofisi moja ya Mbeya yenye tawi Iringa ilituita. Dada wa mapokezi akisema "Karibu, nikusaidie nini?", lile "nini" linamrudia sikioni. Tulimbadilishia mkonga, tukabadilisha waya, mwishowe simu yenyewe. Siku ya pili ndipo nikamuuliza swali la kuanzia: "Dada, inatokea ukizungumza na nani?" Akajibu papo hapo: "Na mhasibu wa Iringa. Wengine hapana." Tukampigia mhasibu, tukamwomba azime spika na anyanyue mkonga. Mwangwi ukakatika palepale. Chumba chake kilikuwa na vigae sakafuni na kuta tupu, simu iko kwenye kona, spika imefunguliwa hadi mwisho. Sauti ya Mbeya ilikuwa inatoka kwenye spika, inagonga ukuta, inaingia kwenye maikrofoni na kurudi ilikotoka.

Huo ni mwangwi wa chumbani. Upo pia wa waya, na huo ndio unaotusumbua zaidi. Ndani ya mfumo, sauti inayokwenda na inayokuja zina njia mbili. Zikifika kwenye laini ya shaba hulazimika kutumia jozi moja ya waya. Kifaa cha kuzitenganisha huitwa haibridi, nacho hufanya kazi vizuri pale tu impedansi yake inapolingana na ya laini. Vifaa vingi hutoka dukani vikiwa vimewekwa omu 600. Laini ndefu iliyoungwa mara kadhaa, yenye kiungo kilichoota kutu na kuloa mvua za Januari, haiwezi kulingana na kipimo hicho. Utautambua kwa sababu simu za ndani ni safi, na mwangwi huja mkipiga nje kupitia laini hiyo. Safisha viungo, kisha chagua impedansi inayoifaa laini. Na tafadhali, mteja akilalamika kwamba sauti ni ndogo, usikimbilie kuongeza nguvu ya sauti kwenye mlango wa laini, maana mwangwi nao utapanda. Mara nyingi kupunguza desibeli chache kumemaliza kazi.

Wateja huuliza mbona zamani, kabla ya simu za intaneti, mwangwi haukuwepo. Ulikuwepo. Mwangwi unaorudi ndani ya milisekunde 25 hivi huchanganyika na sauti yako mwenyewe, sikio lisiutambue. Umbali wa Mbeya na Iringa si tatizo: kwenye mkongo, milisekunde moja inatosha kwa kilomita 200 hivi. Kinachochelewesha ni simu ya intaneti yenyewe, inayokata sauti vipande, mara nyingi vya milisekunde 20, kisha huvisubirisha upande wa kupokea ili vifuatane vizuri. Kwenda na kurudi, milisekunde 100 huvukwa kirahisi, na mwangwi uliokuwa umejificha hujitokeza.

Ndiyo maana mifumo hii ina kifuta mwangwi, ambacho hujifunza tabia ya laini simu inapoanza. Mwangwi wa sekunde moja ya mwanzo si ugonjwa. Ukiendelea hadi mwisho, angalia muda kiliopangiwa. Huenda kimewekwa milisekunde 16 wakati kinaweza kufika 128. Kumbukeni pia kwamba kilichoko Iringa ndicho kinachomlinda wa Mbeya.

Wasimamizi, nawaombeni muweke daftari mezani kwa mapokezi. Mwangwi ukitokea, andikeni alikuwa anazungumza na nani, kupitia laini gani, na kama ulidumu simu nzima au mwanzoni tu. Nanyi mafundi, msiguse simu ya anayelalamika kabla hamjampigia wa upande wa pili.