Kabla Hujamlipa Fundi wa Tairi la Mbele

Msikilizaji, pikipiki ikitoka kwa fundi na tairi jipya la mbele, mara nyingi breki yake haiwi ile iliyoingia nayo. Mkono wa breki unazama mpaka unagusa mpini, au gurudumu linakwaruza kila likizunguka. Dereva anaondoka hivyohivyo, anategemea breki ya mguuni, na wiki ikipita ameshazoea. Mazoea hayo yananisumbua sana, kwa sababu kasoro yenyewe huwa ni ya spana tu.

Pikipiki nyingi hapa Mkula na Busega nzima zina breki ya ngoma. Gurudumu likitolewa, sahani inayobeba viatu vya breki hutoka nalo. Sahani hiyo ina mfereji, na mguu wa shokapu una jino linaloingia humo. Fundi akifunga bila jino kukaa mahali pake, sahani haina cha kuizuia. Siku utakayobana kwa nguvu itazunguka pamoja na gurudumu, ikate waya au gurudumu lijifunge ghafla. Chuchumaa, litazame jino kwa macho yako.

Kisha lipo jambo linalorukwa mno. Nati ya ekseli ikazwe kwa vidole kwanza, gurudumu lizungushwe, breki ibanwe na kushikiliwa; ndipo spana ikaze, breki ikiwa bado imebanwa. Hapo viatu vyote viwili hujipanga katikati ya ngoma. Bila hivyo kimoja hugusa kabla ya mwenzake, na breki haishiki sawasawa hata waya ukivutwa vipi. Waya nao usivutwe kupita kiasi: ncha ya mkono wa breki iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3.

Ikiwa yote hayo yako sawa na bado breki inateleza, shuku grisi ya beringi. Ikishalowa kwenye viatu, kupangusa hakutoshi. Nunua vingine.

Mwenye breki ya diski, ukibana mkono gurudumu likiwa nje, pedi hukutana. Zirudishwe taratibu kwa kitu bapa kilicho safi. Baada ya kufunga, bana na kuachia mpaka mkono uwe mgumu, pikipiki ikiwa imesimama, kwa kuwa mbano wa kwanza huwa hauna kitu. Ukizidi kulegea, mafuta ya breki yameingiwa na hewa, nayo itolewe.

Wapo wanaoamini kwamba breki ya mbele ndiyo inayoangusha. Huangusha ikinyakuliwa ghafla kwenye kokoto, kwenye tope letu jeusi la mbuga, au usukani ukiwa umekatwa. Lakini pikipiki inapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, na tairi la mbele ndilo linaloshika lami. Kati ya Nyashimo na Lamadi, ng'ombe wakivuka mbele yako na lori la kwenda Sirari likiwa nyuma, breki ya nyuma peke yake haitakusimamisha kwa wakati.

Kwa hiyo, ndugu dereva, kabla ya kulipa endesha polepole bila abiria, ubane ya mbele peke yake. Shokapu zikizama na pikipiki ikasimama, mpe fundi haki yake. Isiposimama, gurudumu litoke tena hapohapo, na mama anayekwenda kliniki hospitali ya Mkula atafutiwe pikipiki nyingine.