Usaili wa Waandishi wa Programu na Kazi Yenyewe
(Mada iliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata)



Kijana aliyesomea uandishi wa programu za kompyuta hurudi kutoka kwenye usaili akiwa kimya, na nyumbani huulizwa swali moja tu: umepata? Jibu likiwa hapana mara tatu au nne, wazazi huanza kuamini kwamba ada ya chuo ilipotea bure. Imani hiyo yafaa kuchunguzwa, kwa maana mara nyingi kilichopimwa si kazi yenyewe.

Mfano unaojulikana ni wa Max Howell, mwandishi wa Homebrew, programu inayowarahisishia watumiaji wa kompyuta za Mac kuweka programu nyingine. Mwaka 2015 alisailiwa na Google. Kwa maelezo yake, asilimia 90 ya wahandisi wa kampuni hiyo walikuwa wakitumia programu yake, lakini alikataliwa kwa kushindwa kugeuza "mti" wa data ubaoni, yaani matawi ya kushoto yahamie kulia. Wapo waliomtetea mwajiri, na hoja yao si ya kupuuzwa: kampuni haiwezi kumwajiri mtu kwa sifa zake pekee. Hata hivyo, ni ajabu kwamba kazi iliyokwisha kuonekana ilishindwa na ubao.

Miaka miwili kabla ya hapo, mkuu wa utumishi wa kampuni hiyohiyo, Laszlo Bock, alikiri gazetini kwamba mafumbo ya usaili, kama vile ndege hujaa mipira mingapi ya gofu, ni upotevu wa muda, na kwamba faida yake kubwa ni kumfanya msaili ajione mwerevu.

Mwajiri naye ana shida yake. Waombaji ni wengi, vyeti vinafanana, na programu ikiandikwa vibaya huharibu hesabu za watu. Lakini kazi halisi hufanywaje? Mwandishi wa programu hutumia muda mwingi akisoma maandishi ya wenzake, akitafuta kosa lilipojificha, na akimuuliza karani jinsi anavyojaza daftari lake. Vitabu viko wazi mbele yake, na intaneti pia. Usaili humnyang'anya vyote hivyo, ukamsimamisha mbele ya wageni watatu na kumpa dakika thelathini.

Wengine hupewa kazi ya kufanyia nyumbani. Kijana hukesha siku tatu, bando amelinunua mwenyewe, akatuma kazi, kisha kimya. Hajui kama kazi yake imesomwa au la.

Frank Schmidt na John Hunter, wanasaikolojia wa Marekani, walikusanya mwaka 1998 matokeo ya utafiti wa miaka 85 kuhusu uajiri. Jaribio la sehemu ya kazi yenyewe lilikuwa miongoni mwa vipimo bora, na mahojiano yasiyo na mpangilio yakawa nyuma yake. Nchini Tanzania, Sekretarieti ya Ajira huwapitisha waombaji wa kada kadhaa kwenye usaili wa vitendo kabla ya mahojiano, na utaratibu huo unastahili kuigwa na waajiri wadogo.

Chama cha akiba na mikopo au shule inayotafuta mtu wa kuitengenezea programu haina haja ya ubao. Impe mwombaji orodha ya marejesho ya wanachama wa kubuni, yenye kosa moja ndani yake, alitafute na aeleze kwa Kiswahili chepesi alivyolipata. Saa mbili zinatosha. Kazi ikizidi hapo, alipwe. Wote waulizwe maswali yaleyale, na kila mmoja apewe jibu ndani ya wiki moja, hata likiwa la hapana, walau kwa ujumbe mfupi wa simu unaotaja alipokosea.