Picha zetu ndani ya tableti

Picha ya mzazi aliyebaki Kongo ikipotea, ni vigumu kuipata tena. Basi, kabla ya kuchagua programu ya picha, uliza: inafanya kazi bila intaneti? Ukirekebisha picha, ile ya kwanza inabaki?

Snapseed ni ya bure, na hurekebisha picha bila intaneti. Google Photos hupanga picha na kuzihifadhi kwenye intaneti, hata tableti ikiibiwa. Nafasi ya bure ni GB 15, pamoja na barua pepe zako. Lakini kuzituma huko kunakula bando.

Picha ya cheti cha mtoto usiibadilishe kamwe. Weka nakala kwenye memori kadi, uitunze mbali na tableti.